Mboga na samaki uani Kigoma: jani likibadilika, uanzie wapi

Mtu akinipigia simu kuhusu bustani yake ya akuaponiki, neno la kwanza huwa lile lile: "Majani yamekuwa ya njano, nitie nini?" Simjibu mara moja. Namuuliza mambo mawili: ni majani ya juu au ya chini, na maji uliyatoa wapi? Kwa mkazi wa Ujiji, Gungu, Kibirizi au Bangwe, jibu la swali la pili karibu kila mara ni ziwani, hata kama yamepitia bombani, kwa kuwa bomba la mjini nalo linavuta Tanganyika. Hapo nusu ya ugonjwa nimeshaujua kabla sijaliona jani lenyewe.

Kwa anayeanza, mfumo wenyewe ni huu. Samaki wanakula na kuchafua maji kwa amonia. Bakteria wanaojishikiza kwenye kokoto wanaigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, na hiyo ndiyo mboga zinakula. Pampu inapandisha maji kitaluni, yaani kwenye sanduku la kokoto zilikopandwa mboga, yanapita kwenye mizizi, yanarudi tenkini yakiwa safi zaidi. Udongo hakuna. Ina maana viumbe wa aina tatu wanakunywa maji mamoja, na dawa unayompa mmoja umewapa wote. Ndiyo sababu bwana shamba mzuri sana wa mahindi anaweza kukuulia samaki kwa ushauri ambao shambani ungekuwa sahihi kabisa.

Nunua kipimo cha pH (namba inayoonyesha tindikali ya maji: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali) na cha amonia kabla ya kununua mbegu. Vile vya matone vinavyotumiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo vinatosha. Kama hapa mjini havipo, mwagize mtu anayetoka Dar. Bila kipimo utabaki kubahatisha kama mganga asiyemgusa mgonjwa.

Samaki wako juu ya maji, midomo wazi

Naanza na hili kwa sababu halingoji. Jani la njano litakusubiri hadi Jumamosi, lakini samaki anayehema juu ya maji hatakusubiri hata hadi umalize chai.

Angalia saa. Wakihema alfajiri na kutulia jua likipanda, shida ni hewa. Usiku kila kilichomo majini kinavuta oksijeni: samaki, bakteria, mizizi, na ule ukijani wa mwani unaoonekana hauna madhara mchana. Maji yakiwa ya moto, kama yalivyo kwetu Septemba na Oktoba, yanashika oksijeni kidogo zaidi. Perege wanaweza kuvumilia miligramu 2 au 3 za oksijeni kwa lita, lakini bakteria na mizizi wanataka 5 na kuendelea, kwa hiyo samaki akianza kuhema ujue mboga zilishaanza kuteseka kabla yake.

Chukua ndoo. Chota maji ya tenki, yainue juu ya kichwa, yamwage humo humo yapige kelele. Endelea nusu saa. Usiwalishe siku hiyo, maana mmeng'enyo nao unakula oksijeni. Kisha tafuta chanzo: pampu imeziba, umeme ulikatika usiku, chakula kimebaki chini kinaoza, au samaki ni wengi mno. Tenki la lita 1000 la mtu anayejifunza lisizidi samaki 20 hadi 25, ukikadiria kila mmoja atafika gramu 400 au 500. Najua kuna watu wanajisifu kuweka 100. Waulize walivuna wangapi.

Kwa kukatika kwa umeme, pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ya gari ndiyo kinga nafuu kuliko zote. Jenereta ni zuri, ila kuna siku utakuwa kwenye harusi Kasulu.

Wakihema mchana kweupe, na hewa inabubujika vizuri, mashavu yao mekundu au rangi ya kahawia, basi pima amonia na naitraiti. Hapa ndipo maji yetu ya ziwa yanapotuonea. Amonia ina sura mbili majini, moja karibu haina madhara na nyingine ni sumu, na pH ndiyo inayoamua ipi itakuwa nyingi. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na pH 7, sehemu ya sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inafika asilimia 36. Maji ya Tanganyika yanacheza kwenye 9 kasoro kidogo. Kwa hiyo kipimo cha amonia ambacho mwenzako wa Kasulu, mwenye maji ya milimani yenye pH ya chini, anakiona na kuendelea na shughuli zake, wewe wa Kibirizi kinakuulia samaki.

Mfumo mpya ndio unaopatwa zaidi, kwa kuwa bakteria hawajazaliana. Huchukua wiki 4 hadi 6 kwa joto letu. Katika kipindi hicho weka samaki wachache, lisha kidogo kidogo, na ukiweza omba ndoo moja ya kokoto kutoka kwa mtu ambaye mfumo wake umekaa mwaka mzima. Bakteria watakuja nazo. Amonia ikipanda, acha kulisha siku mbili na ubadilishe robo ya maji. Ya bomba yalaze kwanza siku moja au mbili kwenye chombo wazi, klorini itoke.

Kama kilichopanda ni naitraiti, chumvi inasaidia: kilo 1 kwa lita 1000, iyeyushe kwanza kwenye ndoo. Ile ya Uvinza ya mawe inafaa. Usirudie kila wiki, kwa sababu chumvi haipungui kwa kukauka kwa maji, na maharage yataanza kuungua kingo kabla hujajua kilichoyapata.

Halafu jambo moja ambalo nimeliona nyumba tatu sasa. Watu wanafunika tenki au kuchuja maji kwa chandarua cha zamani. Chandarua kilichotiwa dawa ya mbu kina viuadudu vya jamii ya pairethroidi, na kwa samaki hivyo ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo mno. Mama mmoja wa Katubuka alikifua kwanza, akakianika siku mbili, akaona sasa kiko salama. Asubuhi samaki wote walikuwa wamegeuka tumbo juu. Tumia wavu wa kivuli wa bustani, au shashi ya pazia isiyo na dawa.

Majani machanga yamepauka, mishipa imebaki kijani

Hii ndiyo dalili ya Kigoma mjini. Ingekuwa na kitambulisho, pangeandikwa Kigoma-Ujiji.

Tazama jani changa la juu kabisa la chainizi au nyanya. Likiwa limepauka, karibu jeupe, huku mishipa imechorwa kijani kama ramani, wakati majani ya chini yako salama, basi mmea umekosa madini ya chuma. Chuma hakihami ndani ya mmea. Kikikosekana, majani ya zamani yanabaki na chao na machanga ndiyo yanazaliwa na njaa.

Watu hukimbilia kutia misumari yenye kutu tenkini. Misumari haisaidii. Chuma kipo tele hata kwenye kokoto zako, lakini pH ikiwa juu ya 8 kinaganda kuwa kutu ambayo mzizi hauwezi kuinyonya. Unaongeza chakula mezani wakati mgonjwa amefungwa mdomo.

Kinachotakiwa ni chuma kilichofungwa kwa kemikali inayokilinda kisigande, na hapa herufi zilizoandikwa kwenye mfuko zina maana kuliko bei. EDTA, iliyo rahisi kupatikana dukani, inaachia chuma chake pH ikipita takriban 6.5, kwa maji ya ziwa umeitupa. DTPA inastahimili hadi karibu 7.5. EDDHA ndiyo inayofanya kazi kwenye maji yetu, na utaijua kwa kuwa inageuza maji kuwa mekundu kama chai ya rangi. Kiasi ni gramu 2 za chuma halisi kwa lita 1000. Mfuko ukisema chuma ni asilimia 6, pima gramu 33 za unga. Mwezi mmoja baadaye tazama majani mapya kabla ya kurudia. Usitazame yaliyopauka zamani, hayo hayarudi.

Hiyo ni dawa ya kutuliza. Ugonjwa wenyewe ni maji, na hapo ndipo kazi ilipo.

Jirani yangu, mzee mstaafu, alikuja siku moja na chupa ya siki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimetia siki jana, kipimo kikashuka mpaka saba. Leo kimerudi pale pale. Kipimo kibovu hiki?"

Kipimo hakikuwa kibovu. Maji ya Tanganyika yamejaa baikaboneti, na hiyo ina tabia ya kulainisha kila asidi unayoitia: leo inashuka, kesho imepanda. Mzee angeweza kumaliza duka zima la siki. Na ndimu ni mbaya zaidi, kwa sababu asidi yake inadhoofisha wale bakteria tunaowategemea. Zaidi ya hayo, pH inayopanda na kushuka kila siku inawatesa samaki kuliko pH ya juu iliyotulia.

Jibu liko kwenye bati lako. Maji ya mvua hayana baikaboneti karibu yoyote. Paa la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 20 linakupa lita 600, na msimu wetu wa Novemba hadi Aprili una siku nyingi za namna hiyo. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la kiangazi, kisha kinga. Anzisha mfumo kwa sehemu moja ya ziwa na sehemu mbili za mvua, na kama mfumo tayari una samaki badilisha si zaidi ya robo ya maji kwa siku. Baada ya hapo kanuni moja: maji yanayopungua kwa jua, jazia ya mvua tu. Maji yanapokauka madini yanabaki, ukijazia ya ziwa unazidisha, mwishoni mwa Septemba una supu. Ukijazia ya mvua, bakteria wenyewe wanapofanya kazi yao wanakula ile baikaboneti, na pH inateremka taratibu bila wewe kushika chupa yoyote. Ikitulia kati ya 6.8 na 7.4, usiiguse.

Kama umefanya yote hayo na pH bado imekwama juu, kagua kokoto. Mchanga na changarawe za ufukweni kwetu mara nyingi zimechanganyika na magamba ya konokono, na gamba ni chokaa. Weka kiganja kimoja kwenye kikombe, kamulia ndimu. Povu likitoka, kokoto hizo zinakurudishia kwa mlango wa nyuma kile ulichokitoa kwa mlango wa mbele. Chekecha na ondoa magamba, au zibadilishe. Magamba usiyatupe lakini, tutarudi kwayo.

Na kama huna tenki la mvua wala pesa ya EDDHA, badilisha mboga kabla ya kubadilisha maji. Mchicha, spinachi na matembele huvumilia maji haya kuliko chainizi na saladi. Hili nalisema kwa sababu watu wengi hapa wamekata tamaa na mfumo mzima, kumbe walikata tamaa na saladi.

Majani ya chini ndiyo yaliyoanza

Sasa geuza sura. Jani la juu zuri, la chini limepauka lote pamoja na mishipa yake, kisha linadondoka. Mmea umedumaa, mchicha unatoa maua ukiwa na urefu wa kiganja. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, na naitrojeni inatoka kwenye chakula cha samaki. Usinunue yurea. Yurea ni amonia ikiwa safarini, na maji yako ni ya pH gani tena?

Karibu kila mara kosa lilifanyika siku ya kupanda, penseli ilipokosekana. Hesabu ya mboga za majani ni hii: kila mita moja ya mraba ya kitalu inahitaji gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku. Mboga za matunda kama nyanya na bilinganya zinataka gramu 50 hadi 80. Samaki 25 wakubwa wenye jumla ya kilo 10, wakila asilimia 2 ya uzito wao, wanakula gramu 200 kwa siku. Hao wanatosha mita 4 za mchicha bila wasiwasi.

Lakini nani anaanza na samaki wakubwa? Umenunua vifaranga 25 vya gramu 10. Jumla yao ni gramu 250. Vikila asilimia 5 ya uzito, ni gramu 12 na nusu kwa siku. Hiyo inalisha robo ya mita moja ya mraba. Robo! Na wewe umeshapanda mita zote nne kwa sababu vitalu vitupu vinaonekana vibaya wageni wakija.

Panda kwa kufuata ukuaji wa samaki. Mwezi wa kwanza na wa pili kona moja tu, mchicha au figiri, vitu vya kuvunwa ndani ya wiki nne au tano. Samaki wakifika gramu 50, ongeza. Nyanya, bamia na bilinganya zisubiri hadi samaki wapite gramu 150 hivi, kwa kuwa mmea wa matunda ukishaanza kuzaa hauwezi kuambiwa ungoje. Nafasi: miche 20 hadi 25 ya majani kwa mita ya mraba, 4 hadi 8 ya matunda. Na usisie mbegu zote siku moja. Kila baada ya wiki mbili sia kidogo, ili kitalu kiwe na watoto, vijana na wazee kwa pamoja. Ukivuna vyote siku moja maji yanabaki bila mlaji na naitreti inalundikana.

Kuna sura ya pili ya tatizo hili inayowashangaza hata wenye uzoefu. Desemba umeuza nusu ya samaki, umefurahi. Katikati ya Januari majani ya chini yanapauka. Hakuna mdudu aliyeingia. Umeuza wapishi.

Kama jani la chini limebaki kijani katikati ila kingo zimeungua kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, ni potasiamu. Chakula cha samaki kina potasiamu kidogo kwa kuwa samaki hawaihitaji sana, kwa hiyo upungufu huu unakuja hata kwenye mfumo mzuri, hasa nyanya zikianza kuvimba. Bibi zetu wangetia majivu ya migomba, na kwa potasiamu wangekuwa sahihi. Ila majivu yanapandisha pH. Kwenye maji ya mvua yaliyoshuka chini ya 6.5 kijiko cha majivu ni dawa mbili kwa moja. Kwenye maji ya ziwa ni kosa. Huko tumia salfeti ya potasiamu, gramu 5 kwa lita ya maji, nyunyiza majani jioni.

Njano katikati ya mishipa kwenye jani la chini ni magnesiamu. Anayetumia maji ya ziwa hapaswi kuiona, tunayo ya kumwaga. Ukiiona, unatumia mvua tupu.

Nyanya zimeoza kitako

Duara jeusi, kavu, chini ya tunda, wakati mmea wenyewe umestawi. Kila kitabu kitakuambia ni ukosefu wa kalisiamu, na ni kweli. Kisichosemwa ni kwa nini Kigoma inatupata hivi: maji ya Tanganyika yana magnesiamu nyingi kuliko kalisiamu, kinyume na maji mengi ya maziwa na mito, na mzizi ukibanwa na magnesiamu unashindwa kunyonya kalisiamu hata ile kidogo iliyopo.

Watu husaga maganda ya mayai wakayatia kitaluni. Kwenye pH ya juu ya 8 maganda yanakaa pale pale kama vipande vya sahani, hayayeyuki. Kunyunyizia kloridi ya kalisiamu, gramu 4 kwa lita, mara moja kwa wiki tangu maua yatoke, kunasaidia, ingawa si kwa kila tunda. Kuchanganya maji ya mvua kunasaidia zaidi. Pia angalia kama maji yanafika kwa vipindi sawa: kalisiamu inasafiri na maji, na pampu ikisimama kwa muda wa saa nne katika mchana wa jua kali, tunda linalokua siku hiyo linapata doa utakaloliona wiki mbili baadaye, ukiwa umeshasahau umeme ulikatika lini.

Kwa maoni yangu, mwenye maji ya ziwa matupu aachane na nyanya kubwa ndefu za sokoni, ambazo ndizo zinazooza kitako zaidi. Apande nyanya ndogo za mviringo, bamia, au ngogwe. Ngogwe inakupa miezi, haina maringo.

Maua kudondoka bila kuoza ni jambo jingine: joto limezidi, au hakuna upepo wa kutikisa chavua. Gonga kamba za mimea asubuhi kwa kidole, weka kivuli chepesi Septemba. Basi.

Miche inaanguka au inarefuka kama uzi

Mche ulioanguka ukiwa umebanwa shingoni usawa wa udongo ni kinyausi, ukungu wa kwenye trei zenye unyevu uliopitiliza. Umwagilie kidogo, upishe hewa, usirudie udongo ule. Mche mrefu mwembamba uliopauka umekosa jua. Umeuweka chini ya mwembe. Mbegu usizisie moja kwa moja kwenye kokoto, zinasombwa. Na unapohamisha mche kutoka kwenye udongo, osha mizizi kwenye ndoo mbili za maji mpaka iwe safi, kwa sababu udongo ndio unaoleta ukungu na kuziba mirija.

Mmea unanyauka na mizizi iko majini

Mchana unalegea, jioni unainuka kidogo, kesho unalegea zaidi. Mtu anaongeza maji. Maji si tatizo. Ng'oa mmea mmoja uone mizizi. Mizizi mizima ni myeupe na ina harufu ya mvua. Ikiwa ya kahawia, ya utelezi, inanuka kama yai viza, inazama kwenye kinyesi kisicho na hewa.

Chanzo cha kawaida ni uchafu mgumu unaofika kitaluni bila kuchujwa, na cha kawaida zaidi ni chakula. Ugali uliobaki, pumba tupu, mashudu yaliyovunda, vyote hivyo samaki anakula robo, robo tatu inaoza. Chakula cha nyumbani si dhambi. Dagaa waliosagwa pamoja na pumba na mashudu vinaweza kukuza perege vizuri. Lakini lisha kile wanachomaliza kwa dakika 15 na uchote kilichobaki. Weka ndoo ya kuchuja kati ya tenki na kitalu, maji yaingie chini yatoke juu, na kila wiki fungua koki ya chini umwagie mgomba uchafu huo. Kokoto za kitalu ziwe na kina cha sentimita 30, na maji yawe yanajaa na kushuka, maana yanaposhuka ndipo hewa inaingia. Kama saifoni, yaani bomba linaloshusha maji kitalu kikijaa, imekwama na kitalu kinabaki kimejaa kutwa nzima, umepata jibu lako. Mara tisa kati ya kumi ni mzizi umeingia kwenye bomba lake.

Mahali palipokwisha kunuka, usichimbue kitalu chote siku moja. Utaamsha uchafu wote uende kwa samaki. Fanya robo kwa wiki.

Maji ya kijani kibichi yanatokana na jua kupiga tenki. Lifunike au lipake rangi nyeusi nje.

Wadudu

Hapa nitasema kidogo kwa sababu unachoruhusiwa kufanya ni kidogo. Dawa yoyote ya dukani inayotajwa kwa kantangaze (kiwavi mdogo anayechimba majani ya nyanya), inzi weupe au vidukari ichukulie kuwa sumu ya samaki mpaka uthibitishiwe vinginevyo. Maji ya tumbaku ni sumu pia. Mwarobaini ni wa asili, lakini mafuta yake yakidondokea majini kwa wingi samaki hawatauliza kama ni ya asili. Hata sabuni inaharibu mashavu yao.

Vidukari viondoe kwa mnyunyizo wa maji yenye nguvu upande wa chini wa jani, ukikinga kwa beseni. Utitiri mwekundu wa kiangazi hauupendi unyevu, kwa hiyo maji hayo hayo yanausumbua. Kipande cha plastiki cha njano kilichopakwa grisi kinanasa inzi weupe. Kwa viwavi kuna dawa ya bakteria ya Bt, ambayo kwa samaki haina shida. Jani lenye mchoro wa kantangaze likate na uchome siku ile ile. Ukilitupa pembeni, umemhamishia chumba tu. Ubwiri unga kwenye matango unatokana na msongamano, punguza majani.

Kwa shemeji aliyeko Kasulu au Buhigwe

Huko milimani maji ya chemchemi mara nyingi ni laini, hayana baikaboneti ya kutosha, na karibu yote niliyoyasema juu yanageuka. Mboga zinastawi sana miezi mitatu, hakuna jani linalopauka, kila mtu anakuja kuona. Kisha samaki wanapunguza kula. Mboga zinasimama. Unapima amonia, iko juu, ingawa samaki hawafi.

Pima pH. Utakuta 5.5 au chini yake. Bakteria wamekula baikaboneti yote, tindikali imezidi, nao wamelala. Amonia imelundikana, ila kwa pH hiyo iko kwenye sura yake isiyo na sumu, na ndiyo sababu samaki bado wako hai. Hapa mtu akitia bakuli la majivu au chokaa, pH inaruka hadi 8 kwa usiku mmoja, sehemu ya amonia hiyo iliyolundikana inageuka sumu ghafla, na asubuhi anamlaumu aliyemuuzia vifaranga.

Acha kulisha. Badilisha robo ya maji kwa siku tatu mfululizo ili amonia ipungue kwanza. Kisha chukua mfuko wa wavu usio na dawa, ujaze magamba ya konokono, uuning'inize pale maji yanapoangukia tenkini. Gamba linayeyuka maji yakiwa na tindikali na linaacha lenyewe pH ikikaribia 7.5, kwa hiyo pH haiwezi kuruka. Pima kila siku tatu, na magamba yakiisha mwambie mtu wa Kibirizi akupandishie gunia jingine.